Iliota Wapi? Risala ya Wapima Mbegu wa Tinde na Masumbwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekubali kukalia kiti pekee cha maabara yetu ambacho miguu yake minne inalingana. Viongozi wa kata na vijiji. Wazee wetu, shikamooni. Wakulima mliotembea na jua hili. Mabibi na mabwana.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Maabara Ndogo ya Kupimia Mbegu ya Tinde, pamoja na wenzetu wa tawi la Masumbwe, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kwa salamu yetu ya Kisukuma, mwangaluka. Tungekukaribisha kwa mikono mingi zaidi, lakini tuko wachache, na mmoja wetu amebaki ndani kufukuza kuku.

Tunaijua ratiba. Baada ya risala hii utakata utepe na kugawa magunia ya mbegu za mtama yaliyopangwa nyuma yako, ili wakulima walioumizwa na ukame wapate cha kupanda mvua za mwaka huu wa 1997 zitakapoanza. Mbegu hizo tumezipima sisi. Ndiyo maana tuliomba risala isomwe kabla ya utepe kukatwa na si baada yake, na tunamshukuru mshereheshaji kwa kukubali bila kutuuliza sababu. Sababu tutaitaja wenyewe tukifika kwenye maombi. Kwa sasa itoshe kusema kwamba magunia hayo kwa nje ni mazuri sana, na utepe wake unawaka.

HISTORIA

Maabara yetu ilianza mwaka 1991 katika chumba kilichokuwa stoo ya pamba. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Tunachota mbegu kidogo kutoka kwenye magunia, tunazipanda kwenye sinia la mchanga au katikati ya karatasi zenye unyevu, tunasubiri, kisha tunahesabu katika kila mia zimeota ngapi. Mkulima akiijua hesabu hiyo anajua kama achukue jembe au akae. Ni kazi ambayo hata kuku anaiweza, na kwa kweli sampuli zetu za kwanza zilimalizwa na kuku.

Tulianza na vifaa viwili vikubwa. Kimoja kilikuwa jokofu la mafuta ya taa, la kuhifadhia mbegu kwenye ubaridi. Kingine kilikuwa kabati la joto, la kuoteshea. Tulihangaika navyo msimu mzima, mbegu zinaota kwenye jokofu na kugoma kwenye kabati, mpaka siku tulipovibadilishia kazi. Tangu hapo mbegu tunaotesha kwenye jokofu, na maziwa ya chai tunaweka kwenye kabati la joto, hayajawahi kuharibika. Mtaalamu aliyekuja kukagua alisimama mbele ya jokofu muda mrefu, akaandika kitu, akaondoka bila kunywa chai.

Karatasi za kuoteshea hatukuletewa. Tukaenda dukani kwa Bi Gangaben, ambaye hapa Tinde sote tunamwita Mama Sunil, tukachukua karatasi za kukaushia wino. Baada ya wiki akaja mwenyewe kuona serikali inakausha wino gani mwingi hivyo. Akakuta choroko zimechipua vizuri, nyeupe, zimejipanga.

"Hizi nyumbani kwangu tunatia chumvi na ndimu, tunakula," alisema. "Nyie mnazihesabu halafu mnazitupa?"

Tukamweleza kwamba hii ni sayansi.

"Sawa. Sayansi ikishiba, mniletee mimi."

Tangu siku hiyo choroko zote zilizofaulu mtihani wetu zimeishia jikoni kwake, na sisi tumekaribishwa mara kadhaa kuzila. Kwa hiyo Mheshimiwa, akitokea mtu akakwambia kwamba wapima mbegu wanakula ushahidi, usimkatalie sana.

MAFANIKIO

Fanikio letu ni moja, na lina kasoro.

Mwaka 1993 lilifunguliwa tawi la Masumbwe ili wakulima wa upande ule na wa Ushetu wasisafirishe mbegu mpaka huku. Mkuu wa tawi ni Bwana Valerian, aliyesoma seminari na mpaka leo anapiga pasi koti la maabara mbele na nyuma. Hapa Tinde mhesabuji mkuu ni Mzee Ngassa, mtu mwenye moyo mkunjufu ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu, hata mbegu. Mara baada ya tawi kufunguliwa tukagawana gunia moja la mtama, nusu wapime wao, nusu tupime sisi. Majibu tukapeana kwa redio ya upepo.

"Masumbwe, hapa Tinde. Sisi zimeota tisini na moja kwa mia. Ova."

"Tinde, sisi zimeota arobaini. Mmehesabu na kuku? Ova."

"Nyie mmehesabu mmefumba macho? Ova."

Redio ya upepo, kama unavyojua, husikiwa na kila mwenye redio. Makao makuu wakasikia, wakatupa amri fupi: "Sawazisheni vipimo vyenu."

Hapa tunaomba utuelewe. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni. Nyumbani tunaongea Kisukuma, na Bwana Valerian kwao ni Kizinza. Kusawazisha tulikokujua sisi ni kwa uwanja wa mpira: penye kichuguu unachota, penye shimo unafukia. Basi tukachota kwa Mzee Ngassa tukafukia kwa Bwana Valerian. Tisini na moja na arobaini ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata sitini na tano na nusu, na ile nusu tukaipandisha kwa heshima ya Mzee Ngassa, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Tinde tukaandika sitini na sita. Masumbwe wakaandika sitini na sita.

Tukaendelea hivyo misimu mitatu. Jioni tunaitana redioni, huyu anapunguza, yule anaongeza, tunaagana kwa amani. Hapakuwa na maabara mbili nchini zilizopatana kama sisi. Mheshimiwa, tulipewa cheti cha pongezi kwa kulinganisha matokeo. Kiko ukutani nyuma ya mlango, na kimening'inia upande.

MATATIZO

Tatizo letu kubwa lilikuja kwa miguu mwaka jana, saa za asubuhi, likiwa limevaa kanga mbili na kandambili. Ni Mama Maige, mkulima wa kijiji cha jirani, ambaye leo yupo hapa mstari wa mbele. Alikuwa amepanda mbegu tulizozipitisha sisi kwa ile hesabu yetu ya kupatana. Mvua za kwanza zilikuja. Jirani zake waliopanda mbegu za nyumbani wakaona kijani. Yeye akasubiri, mwisho akapiga magoti akafukua matuta kwa vidole, akakuta punje zimelala vilevile alivyozilaza, na nyingine zimeoza. Akarudia kupanda kwa mtama uliokuwa wa kula. Huo ulipochomoza, mvua zikakatika.

Tulimwamkia, akaitikia.

"Marahaba. Nina swali moja tu, ng'wanawane, mwanangu. Mlisema mbegu imeota. Iliota wapi?"

Mzee Ngassa akamjibu kwa upole, "Iliota kwenye sinia, mayu, mama yetu."

"Haya. Basi msimu ujao nigawieni sinia."

Hakuwa anatania. Alitueleza kwamba wanawe amewapeleka Ushetu kwa kaka yake wakale huko, kisha akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akaondoka. Sisi tulibaki tumesimama na makoti meupe. Tuliona aibu, Mheshimiwa, aibu ya kushindwa kumtazama hata mwenzako usoni. Jioni ile redio iliita na hakuna aliyeinuka kuipokea.

Kesho yake tukamwita Bwana Valerian aje Tinde, na kwa mara ya kwanza tukaulizana swali ambalo tulipaswa kuulizana siku ya kufungua tawi: kuota ni nini?

Tulimpa kila mtu chaki achore sakafuni. Mzee Ngassa akachora punje yenye kidoti pembeni, maana kwake mbegu ikishachungulia tu imeota, hayo mengine ni kuifuatafuata. Bwana Valerian akachora mche uliosimama wima, una majani mawili na mizizi mingi, umekaa kama askari wa gwaride. Mche wowote uliopinda aliuhesabu kuwa umekufa. Bi Mwanaima, mwoshaji wetu wa masinia, ambaye ni mtu wa pwani na Kiswahili ni chake tangu tumboni, alikataa chaki. Alisema kwao neno hilo lina maana nyingine pia, mtu huota akiwa amelala, na akiziangalia hesabu zetu za misimu mitatu anaona ndiyo maana tuliyoifuata.

Halafu kukazuka suala la mchanga. Tinde tulikuwa tunachota popote, pamoja na kinyesi cha mbuzi, kwa hiyo mbegu zetu zilipata na mbolea. Masumbwe walikuwa na mchanga mzuri ajabu, laini, mweupe, hauna hata jani. Tukamuuliza Bwana Valerian anautoa wapi. Akasema kwa wachimbaji wa dhahabu: wakishasaga mawe na kuyaosha, mchanga unaobaki wanauita marudio, na hawamkatazi mtu. Alikuwa ameupendea usafi wake. Alichosahau ni kwamba umeoshwa kwa zebaki, na hakuna mmea unaotoa shukrani kwa kulazwa kwenye zebaki.

Hapo ndipo alipotusimulia jambo lililokuwa likimsumbua siku nyingi. Wachimbaji walimwona mtu wa serikali anabeba marudio kwa ndoo, anayatandaza kwenye masinia, anayanyunyizia maji na kuyachungulia asubuhi na jioni. Wakajua kuna namna mpya ya kupata dhahabu. Mmoja wao, Eustace, akamfuata ofisini na kufunga mlango.

"Mkuu, tusizungushane. Hapo kwenye sinia unapata pointi ngapi?"

Pointi ndicho kipimo chao cha dhahabu. Bwana Valerian hakujua.

"Napata arobaini kwenye mia."

"Arobaini! Na dawa unayotumia?"

"Maji tu."

Eustace akakaa chini. Akaomba waingie ubia, yeye alete mashine na Bwana Valerian alete elimu. Alipoonyeshwa kwamba kinachohesabiwa ni mtama, aliondoka amekasirika, na mpaka leo pale Masumbwe wapo wanaoamini kwamba mtama ni wa kuzugia.

Tulicheka siku ile mpaka Mzee Ngassa akafuta machozi. Baadaye kila mmoja akakumbuka mbegu nzuri za wakulima wa Ushetu tulizozifelisha kwa zebaki, na mbegu mbovu tulizozipitisha kwa huruma ya Mzee Ngassa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngozi tuliyokuwa tunaivuta ilikuwa ya Mama Maige.

Basi tukakubaliana, Mheshimiwa, na makubaliano yetu ni mafupi. Mbegu imeota ikiwa imetoa mche timamu: wenye mzizi wa kunywea, kichipukizi cha kupandia juu, na nguvu ya kuendelea ukiuacha shambani. Kidoti si mche. Na mche uliopinda kidogo si maiti. Mchanga wote utatoka mtoni, uoshwe, uchomwe kwenye pipa, upoe. Maji yatakuwa ya mvua yaliyochemshwa. Siku ya kuhesabu itakuwa moja kwa wote. Na redio ya upepo haitawashwa mpaka kila upande uwe umeandika jibu lake na kulifunga kwenye bahasha. Hilo la mwisho ndilo lililotuuma zaidi, maana tulishazoea kusaidiana.

Tukapima gunia la majaribio. Tulipofungua bahasha zilitofautiana kwa mbegu tatu tu. Bwana Valerian alitoka nje akajifanya anakagua mapipa. Mama Sunil akatuletea soda, ingawa alituuliza kama safari hii kuna choroko.

Matatizo mengine ni ya kawaida na hatutakuchosha nayo. Paa linavuja pale tu mvua inaponyesha, kwa hiyo mwaka jana halikutusumbua kabisa.

MAOMBI

Tulipoanza kuandika sehemu hii tulikuwa tunaomba gari. Kamati ya maandalizi ikashauri tuombe pikipiki. Tukashuka mpaka baiskeli, kisha mpaka pampu ya baiskeli, na tungeendelea kushuka tungefika kwenye kukuomba radhi. Kwa hiyo tunaacha vyote hivyo. Tunaomba vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja cha Tinde na kimoja cha Masumbwe, ili tusirudi kubishana.

Ombi la pili kamati ilishauri liondolewe. Tuliliondoa kwenye nakala yao. Limebaki kwenye nakala hii inayosomwa.

Magunia yaliyo nyuma yako yalipofika, yalikuwa na kadi ya mzabuni inayosema kwamba katika kila mia mbegu tisini zinaota. Tulichota sampuli kutoka juu, katikati na chini ya magunia, tukaichanganya, tukaigawa, nusu ikapanda basi kwenda Masumbwe. Kila upande ulipima kwa namna ile ile, kwa mchanga ule ule wa mtoni, bila kuitana redioni. Bahasha zilipofunguliwa, Tinde tulikuwa tumeandika kumi na moja. Masumbwe waliandika tisa. Tukarudia, ikawa vilevile. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe kama maabara tumepatana bila kuongea, na tumepatana juu ya balaa.

Mbegu hizo ni za zamani, Mheshimiwa. Zimepakwa dawa ya waridi inayopendeza, lakini chini ya rangi hiyo zimekwisha. Shambani hazifai, na kwa sababu ya dawa hiyo jikoni hazifai pia.

Tulitoa taarifa mapema, wiki mbili kabla ya ziara yako. Tukajibiwa kwa redio kwamba kadi inasema tisini, mahema yameshakodiwa, na sisi tusawazishe. Safari hii Kiswahili tumekielewa.

Hatusemi haya kwa ushujaa. Tunajua kwamba orodha ya kupunguzwa kazini bado iko wazi, na majina yetu ni mafupi, yanaingia popote. Jana usiku wawili kati yetu walishauri tusome mpaka MATATIZO, tupige makofi, tukae. Mzee Ngassa, ambaye hajawahi kumnyima mtu mbegu, ndiye aliyekataa. Alisema, "Heri lawama kuliko fedheha. Lawama nimeshaizoea. Ile siku ya Mama Maige, sitaiweza mara ya pili."

Mezani mbele yako, pembeni ya maua, kuna sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Humo tulipanda mbegu mia moja kutoka kwenye magunia haya, mapema kiasi cha kutosha ziwe zimeota zote zenye nia ya kuota. Mwoshaji wetu amelimwagilia kila siku, leo asubuhi pia. Tunakuomba sana, kabla hujashika mkasi, ulifunue ulitazame. Ukiona ni shamba, utuadhibu na utepe ukatwe. Ukiona ni mchanga, tunaomba utepe ubaki hivyo hivyo na magunia yarudi yalikotoka.

Na hatuji kwako mikono mitupu. Wakulima wa Ushetu wana akiba ya mtama wao wa nyumbani, walioutunza juu ya moshi wa jiko. Tumeupima Tinde, tumeupima Masumbwe, na bahasha zote mbili zinasema unapita themanini na tano. Wako tayari kuiuzia wizara. Mama Sunil ametoa lori lake na dereva, na lori hilo unaliona pale barabarani, limeelekezwa Kahama, njia ya Ushetu. Kinachosubiriwa ni neno lako.

Huyu anayetarajiwa kupokea gunia la kwanza kutoka mkononi mwako kwa niaba ya wakulima ni Mama Maige. Kamati ndiyo iliyomteua, bila kujua. Yeye hatujamwambia kitu. Anasikia sasa hivi pamoja nawe. Ameshakunja kanga ya kuwekea begani ili apokee. Mheshimiwa, tunakuomba asipokee.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kutuvumilia, na kama hukutuvumilia, tunakushukuru kwa kukaa. Mungu akulinde safarini, akupe afya wewe na nyumba yako, awape wakulima wetu nguvu za mikono. Na mvua, ambayo nchi hii ya Shinyanga imeiombea misikitini, makanisani na kwenye makaburi ya wazee mwaka mzima, sisi peke yetu leo tunathubutu kumwomba aicheleweshe siku chache, mpaka lori lirudi kutoka Ushetu.

Ni sisi watumishi wako,
Wafanyakazi wa Maabara Ndogo ya Kupimia Mbegu, Tinde, na tawi la Masumbwe.

Imesomwa kwa niaba yao na Rhoda Maganga, msaidizi wa maabara.